Picha Zilizotikisika

Mkaguzi alikuwa na picha elfu kumi na moja mia nne na sita, na katika hizo zote hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Aliijua idadi hiyo kama mtu anavyojua umri wa mwanawe, na mgeni aliyefika nyumbani kwake alitajiwa kabla hajaulizwa habari za safari. Wapo waliosema anajisifu. Kweli alikuwa anajisifu, lakini mwenye kazi yake ana haki ya kuitaja: kazi hiyo ilimchukua miaka miwili na nusu, kila siku baada ya chai ya asubuhi mpaka jua liingie dirishani na kukimulika kioo cha kompyuta.

Jina la Mkaguzi alitoka nalo kiwandani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya mkanda wa chupa, taa nyeupe ikiwaka upande wa pili, chupa zikipita moja moja kati ya taa na macho yake. Yenye kiputo, yenye ufa, yenye shingo iliyopinda, aliipiga kwa kidole ikaangukia kwenye sanduku la chuma, ikavunjika, ikarudi tanurini. Mkanda haukumpa mtu nafasi ya kufikiri. Sheria ya pale ilikuwa moja, naye aliipenda: chupa mbovu haijadiliwi. Alipostaafu, kazi ilibaki kiwandani lakini kidole alikuja nacho nyumbani. Akiwekewa maji mezani, kwanza aliinua bilauri kwenye mwanga. "Baba, kunywa maji," mkewe alikuwa akimwambia, "usiyapeleleze."

Watoto wakamnunulia kompyuta ili kidole kile kipate cha kufanya. Akajiandikisha katika darasa la jioni, akakaa na vijana wenye umri wa wajukuu zake, akatoka wa kwanza; cheti chake kilitundikwa ukutani juu ya kompyuta yenyewe. Kisha akatoa amri kwa familia nzima. Picha zote ziletwe kwake: za kwenye simu, za kwenye kamera ndogo ya zamani, za kwenye kadi zilizolala kwenye madroo. Na zikishafika, kila mtu afute zake. "Ghala ni moja," aliwaambia, "na mtunza ghala ni mmoja." Watoto hawakubisha. Simu zao zilikuwa zimejaa kama matumbo ya sherehe, nao walifurahi kupata mtu wa kuwapunguzia.

Akaanza kupanga. Kila mwaka folda yake, kila tukio folda yake ndani ya mwaka, kila picha namba yake. Na alipopanga, alichuja. Palipo na picha kumi zinazofanana, moja ilibaki. Zenye giza zilikwenda. Zenye kidole mbele ya lenzi zilikwenda, na zilizokata watu vichwa, na zaidi ya zote zilizotikisika. Hizo hakuzionea huruma hata kidogo. Jicho likiona ukungu, kidole kilishabonyeza. Kila jioni, kabla hajazima, alimwaga pipa la taka la kompyuta, kwa sababu mtu msafi halali na taka ndani.

Kuhusu usalama ndiyo usiseme. Alikuwa na nakala tatu. Moja ilikaa ndani ya kompyuta, ya pili kwenye diski iliyofungiwa kabatini, na ya tatu kwenye diski aliyoiweka kwa mdogo wake, mitaa mitatu kutoka pale, ili moto ukija usizimalize zote. Kila Ijumaa aliifuata diski ile, akairudisha imeviringishwa kwenye taulo, akitembea kama mwenye mayai. Mdogo wake hakuacha kumuuliza kama yai limeshatotolewa. Nyumbani aliziunganisha diski zote mbili na kuwasha programu aliyofundishwa darasani, ambayo ilizifanya nakala tatu ziwe sawasawa: kilichopo kwenye ya kwanza kiwepo kwenye zile mbili, na kisichopo kiondoke. Programu hiyo aliipenda kuliko baadhi ya shemeji zake.

Basi siku ya Jumatatu simu ikaita. Alikuwa sista mkuu wa wodi ya wazazi, bosi wa mkewe. Mkewe alikuwa mkunga, miaka thelathini na sita kazini, na Jumamosi ya wiki hiyo walikuwa wanamuaga. Sista alishusha sauti kama mtu anayesema uchawi. Walitaka kuonyesha picha ukutani wakati wa chai, picha za maisha yake, za nyumbani na watoto; asiambiwe, iwe ya kushtukiza. Je, shemeji angeweza kuwapatia kumi?

"Kumi?" alisema Mkaguzi. "Shemeji, nitakupa hamsini. Na zote zimenyooka."

Alikata simu akiwa na furaha ya mtu aliyeombwa kitu alichonacho tele. Mkewe alikuwa zamu ya asubuhi. Akavuta kiti, akafungua folda ya harusi ya binti yao wa kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa. Akawaona wakwe, akaona keki, akamwona mdogo wake akicheza bila mpangilio. Mkewe alikuwepo kwenye picha moja tu, ile ya pamoja, ambayo mpiga picha wa kukodiwa aliwaamuru wote wasipumue. Si neno. Akafungua siku za kuzaliwa. Kwenye mwanga wa mishumaa palikuwa na watoto, na ukingoni palikuwa na mkono ulioshika kisu. Mkono aliutambua. Akaendelea. Alipata kiwiko. Alipata upindo wa gauni ukiishilia mlangoni. Alipata picha ndogo ya kitambulisho, na nyingine moja nzuri, kali, yenye mwanga safi kabisa: mkewe amelala kitini baada ya zamu ya usiku, na sare yake, mdomo wazi. Hiyo haionyeshwi mbele ya wafanyakazi wenzake.

Ilipofika saa saba alikuwa amepitia miaka kumi na minane, na mkononi alikuwa na picha nne.

Alisimama, akaenda jikoni, akasahau alichokifuata, akarudi. Kwanza alijipa sababu: labda yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha. Lakini mkewe hakuwa mtu wa kushika kamera; alisema inamfunga mikono. Ndipo akakumbuka picha moja, siku mtoto wao wa mwisho alipofaulu mtihani. Watoto wote kwenye kochi, wametulia, wanacheka, na nyuma yao mchirizi wa njano umekatiza chumba kama mtu amepitisha brashi ya rangi. Alikumbuka alivyosonya. Picha nzuri imeharibiwa na mchirizi. Bonyeza, futa.

Ule mchirizi ulikuwa gauni. Alilijua lile gauni. Alikuwepo siku lilipokwenda kushonwa.

Akakaa chini taratibu. Sasa zilimjia moja baada ya nyingine, na kila moja aliikumbuka kwa kosa lake: iliyotikisika kushoto, iliyovutika chini, kivuli cheupe mlangoni, uso ulioyeyuka nyuma ya sufuria yenye mvuke. Mkewe hakuwahi kutulia. Tangu amjue alikuwa mtu wa kuinuka: mlango umegongwa, mtoto analia, chumvi imesahaulika, mgeni hana mto wa kuegemea. Kamera ilipofumba na kufumbua jicho, yeye alikuwa ameshaondoka. Na kwa kuwa alikuwa ameondoka, mumewe alimwondoa. Alikuwa amemfuta mkewe kwa haki, kwa utaratibu, na katika nakala tatu.

Alimpigia binti yao wa kwanza, akazungukazunguka maneno mpaka akafika. Binti alimwambia kuwa hana kitu. Si baba mwenyewe ndiye aliyesema wafute? Alikuwa na picha mbili za mama yake za mwezi uliopita, kwa mgongo, akiosha vyombo. Kama zinafaa, atume. Mkaguzi alisema asitume chochote, akakata, kisha akakaa akiishangaa simu kana kwamba ndiyo iliyofanya kosa.

Jumanne, mkewe alipotoka tu, naye akatoka. Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi wa kiatu, duka lake juu ya ngazi nyembamba, rafu zimejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Alimwamkia, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mkaguzi alisimulia kwa fahari kidogo, hasa sehemu ya nakala tatu, akitumaini kuwa humo ndimo utakamopatikana wokovu.

Fundi aliuliza tu kama zile nakala hufanywa zilingane kila wiki. Kila wiki, alisema Mkaguzi, sijakosa hata moja.

"Mzee wangu," alisema fundi, "umenakili shimo mara tatu."

Kisha akamweleza, polepole, kama mwalimu mwema. Picha iliyofutwa haiondoki siku ile. Ni kama msafiri aliyenyang'anywa tikiti. Anaendelea kukaa kwenye kiti mpaka aje mwenye tikiti mpya amwambie inuka. Kila picha mpya inayoingia inatafuta kiti. Kwa hiyo za zamani sana pengine zimeshasimamishwa na kushushwa njiani, lakini za karibuni huenda zipo bado. Jambo kubwa ni kutoingiza kitu kingine chochote. Hapo akainua macho. Ile kompyuta ameizima?

Hakuwa ameizima. Na asubuhi ile kundi la familia kwenye simu lilikuwa limechangamka, kwa sababu mjukuu alikuwa ameota jino, na kila picha iliyotumwa kwenye kundi ilijiingiza yenyewe kwenye kompyuta. Mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo, akasifiwa darasani.

Mkaguzi hakuwa amekimbia tangu alipokuwa na miaka hamsini. Siku hiyo alikimbia, kofia mkononi, watu wakimpisha wakidhani kuna msiba. Alipofungua mlango wa chumba, kioo kilikuwa kinamemeteka: picha arobaini na moja za jino moja. Ya arobaini na mbili ilikuwa inaingia. Yeye, aliyekuwa akiwakaripia wanawe kuwa mashine huzimwa kwa adabu, aliushika waya akaung'oa ukutani.

Kutoka hapo akaenda kwa mdogo wake. "Leo si Ijumaa," mdogo wake alisema mlangoni. "Au yai limeanza kulia?" Alipouona uso wa kaka yake aliacha utani, akaleta diski bila taulo. Zote tatu zilipofika dukani, fundi alizipanga mezani kama daktari anavyopanga wagonjwa, akasema arudi Ijumaa.

Ijumaa ni mbali kwa mtu asiye na kazi. Jumatano alikwenda dukani asubuhi kuuliza na mchana kuuliza. Fundi alimwonyesha namba zinazopanda kwenye kioo, akamwambia kuwa akiisukuma kwa macho haitakimbia. Alirudi nyumbani, akapanga vikombe kwa ukubwa, akavipanga tena kwa rangi. Alianza kukaza skrubu za mlango ambazo hazikulegea. Mkewe aliporudi aliona meza tupu chini ya cheti, akauliza kompyuta iko wapi. Inapimwa, alijibu.

"Bahati yake," alisema mkewe akivua viatu. "Mimi mwaka huu sijapimwa."

Akacheka, akapita kwenda jikoni. Mkaguzi alimtazama akipita. Akajaribu kumtazama kama mtu anavyotazama kitu kinachopita mbele ya taa, na kabla hajaanza, mlango ulikuwa mtupu.

Alhamisi mkewe alikuja na boksi. Alikuwa ameondoa vitu vyake kwenye kabati la kazini: kandambili, kikombe, saa ya kubana kifuani, kadi za wazazi wa watoto ambao sasa wana watoto wao. Alikaa ukingoni mwa kiti kuvitoa kimoja kimoja, akisimulia kila kimoja kilivyopatikana. Kisha akasema kuwa kuna kitu amekifikiria siku nzima. Anataka ile picha ya marehemu mama yake, siku aliporuhusiwa kutoka hospitali, pale pale mlangoni pao. Aichapishe, aiweke kando ya kitanda. Sasa atakuwa na muda wa kuiangalia.

Mkaguzi alipumua. Hiyo alikuwa nayo. Katika kazi yake alikuwa amechagua picha bora mia moja, akazichapisha na kuzifunga kitabu, na mama mkwe alikuwamo, namba thelathini na mbili. Alikileta kitabu mbio, akaufungua ukurasa: bibi kizee mlangoni, shali shingoni, kila kunjo la uso linaonekana, hata nyuzi za shali zinahesabika.

Mkewe aliitazama, akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa. "Si hii. Ile nyingine, niliyomshika mkono."

"Hii ndiyo nzuri, mama."

"Sikusema nzuri. Nasema ile niliyomo."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema uongo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: iko dukani, inapimwa, itakuja. Pengine ingekuja kweli. Lakini Mkaguzi, pamoja na majivuno yake yote, hakuwahi kupitisha chupa yenye ufa kwa kuwa ni jioni na amechoka. Akakaa kitini, akamwambia yote: simu ya sista, picha hamsini alizoahidi, picha nne alizozipata, msafiri aliyenyang'anywa tikiti, fundi. Alisema kwa mpangilio, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kusema.

Mkewe alisikiliza huku ameshika kikombe chake cha kazini. Hakuinuka, na hilo lenyewe lilimtisha mumewe.

"Hebu niambie kitu kimoja," alisema. "Ulipokuwa unazifuta, ulikuwa unaona ni mimi?"

"Hapana. Haki ya Mungu sikukuona. Niliona picha imetikisika tu."

Mkewe akapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe.

"Afadhali ungeniona," alisema. "Ningejua nimekukera. Mtu aliyekukera unamwona."

Akaweka kikombe mezani, akaenda kuanua nguo. Mkaguzi alibaki na kitabu chake cha picha bora mia moja magotini. Alikipitia chote. Hakukuwa na kosa humo, na hakukuwa na mkewe. Alitaka kumfuata uani, akafika mlangoni, akarudi. Akafika tena, akarudi. Mara ya tatu akampigia simu sista mkuu, akamwambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba ile ahadi haitawezekana, kwamba picha hana, na kwamba kosa ni lake peke yake. Sista alimwambia shemeji asijali, watawauliza wazazi aliowazalisha. Kila mzazi ana simu.

Ijumaa fundi alimkabidhi mashine zake na diski mpya ndogo. Alifanikiwa kuokoa mia tatu na kitu, lakini alimtahadharisha: nyingi ni nusu. Picha hujazwa kutoka juu kwenda chini, na pale kiti kilipokaliwa na mwingine, sehemu iliyobaki huwa rangi ya kijivu kama ukuta usiopakwa chokaa. Mkaguzi alimshukuru, akaibeba diski ile mfukoni mwa shati, juu ya moyo, bila taulo.

Hakuifungua peke yake. Alisubiri mkewe atoke zamu yake ya mwisho, akamwekea kiti chake mwenyewe mbele ya kompyuta, yeye akasimama pembeni. Mkewe alisita, kisha akakaa, akaanza kubonyeza. Zilikuwa picha za kila namna, paa bila nyumba, vichwa bila miguu, keki iliyokatwa na kijivu kabla ya kisu. Na humo, katika kumi na tisa, alikuwemo yeye. Mkaguzi alijiuma ulimi mara kadhaa. Kila ilipofunguka picha, jicho lake lilikuwa na hukumu tayari, na kidole chake kiligonga paja.

Kwenye kila moja mkewe alisimama kidogo. Hapa nilikuwa nakwenda kumpokea mgeni. Hapa maziwa yalikuwa yanachemka. Hapa mtoto alikuwa anataka kushika kisu. Mkaguzi alizikumbuka tarehe na namba. Mkewe alikumbuka alikokuwa anakwenda.

"Zote nakimbia," alisema mwishowe. "Mtu akiziona atadhani nyumba hii ilikuwa inawaka moto."

Alisema kama mzaha, na mumewe alijaribu kucheka, lakini mzaha ule ulikuwa na mfupa ndani.

Picha ya mia mbili na kitu ilikuwa ile. Mlango wao. Juu, mbele ya kizingiti, uso wa bibi kizee, mkali na mtulivu, na karibu yake uso mwingine uliovutika kando kwa mwendo, macho mawili yamekuwa manne, mdomo unacheka au unaongea. Chini ya mabega yao kila kitu kilikuwa kijivu. Ule mkono uliomshika mama haukuwepo.

Mkewe aliitazama mpaka kioo kikajizima chenyewe. Mkaguzi alinyoosha mkono kukigusa kipanya ili kioo kiwake tena.

"Mkono haupo," alisema mkewe.

"Haupo."

"Basi ichapishe hivyo hivyo. Na hizi nyingine usiziguse." Akainuka, na safari hii hakusema anakwenda wapi.

Jumamosi saa nane ukumbi wa hospitali ulijaa sare nyeupe na za buluu. Mkaguzi alivaa suti yake, akakaa safu ya mbele, mkewe akaketishwa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa. Njiani hawakuwa wamezungumza, ila mkewe alimnyoosha kola. Mtu anaweza kunyoosha kola ya mtu hata akiwa amemkasirikia. Miaka mingi ya ndoa inafundisha hivyo. Mkaguzi hakujua ashike lipi. Alikunja miguu, akakunjua, akahesabu taa.

Sista mkuu alieleza kwa ufupi jinsi picha zilivyopatikana. Wazazi walioulizwa walikuwa wametuma, na wao wakawauliza wenzao, hadi simu yake ikagoma. Mapazia yakafungwa.

Jicho la Mkaguzi lilianza kazi bila kutumwa. Ya kwanza ilikuwa na mwanga hafifu. Ya pili imepinda. Ya tatu imepigwa na mtu aliyelala, mikono yake imechoka, pembeni kuna chuma cha kitanda. Yeye angezifuta zote. Lakini katikati ya kila moja alikuwepo mkewe, na hakutikisika. Alisimama amemshika mtoto aliyezaliwa muda ule, kiganja kimoja chini ya kichwa, kingine chini ya kiuno, uso umeinama, ametulia kama maji ya mtungini. Ikaja nyingine, na nyingine, miaka kumi, miaka ishirini, miwani ikaongezeka, nywele zikageuka, watoto wakabadilika. Yeye alikuwa ametulia. Unaweza kuhesabu kope zake.

Miaka yote Mkaguzi aliamini kuwa mkewe ni mtu asiyeweza kutulia, kama wengine walivyo warefu na wengine wafupi. Sasa alikuwa anaziona picha sitini za mtu yule yule, zilizopigwa kwa simu duni na watu wenye maumivu, na mtu huyo alikuwa anajua kutulia vizuri kuliko yeyote katika ukumbi ule. Humu wodini walimwachia asimame na kitu kimoja mikononi. Nyumbani mlikuwa na nani? Akajibu mwenyewe. Walikuwepo watoto watano, wageni, na mwanamume mmoja kitini, anayeinua bilauri kwenye mwanga.

Alitaka mapazia yafunguliwe, na yalipofunguliwa alitaka yafungwe tena.

Chai ikaanza kupitishwa. Msaidizi mmoja wa wodi alitokea na sinia kubwa la vikombe, akiyumba kidogo, na mwenye sherehe akawa ameshainuka kwenye kiti chake cha kitambaa. Wenzake wakampigia kelele akae, leo ni siku yake. Alicheka, akasema anashika upande mmoja tu, mtoto wa watu asije akaungua. Alikuwa ameshafika.

Mkaguzi alisimama. Hakufikiri, kama angefikiri asingefanya, kwa kuwa hakuwahi kubeba sinia mbele ya watu. Alipita kati ya viti na suti yake, akaweka mikono yake chini ya sinia, pale ilipokuwa mikono ya mkewe.

"Kaa, mama," alisema.

"Utamwaga."

"Acha nimwage."

Mkewe alimtazama. Halikuwa jicho la mtu aliyesamehe. Lilikuwa la mtu anayepima uzito wa mgonjwa kwa kumtazama. Kisha akaachia. Sinia lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na vikombe vikaanza kugongana, na chai ikachuruzika kwenye visahani. Mtu mmoja nyuma akasema shemeji ameajiriwa, wakacheka. Mkaguzi akashika njia ya meza ya kwanza, hatua fupi fupi, akimpa kila mtu kikombe kilichojaa nusu, suruali yake imeshalowa gotini.

Alipofika meza ya tatu aligeuka. Mkewe alikuwa amekaa. Alikaa ukingoni kabisa mwa kiti, kisigino kimoja juu, mikono yake haijui iwekwe wapi. Akaiweka magotini, akaiondoa, akaiweka tena. Macho yake yalifuata sinia meza kwa meza. Mara akamwita kwa mkono. Mkaguzi akarudi haraka, akainama amsikie.

"Umesahau sukari," alisema mkewe.

Akaenda kuifuata.